Wajukuu ni Dawa, Lakini Dawa Ina Kipimo



Katika kliniki yetu ya presha na kisukari kila mzee anayefika tunamwuliza maswali yale yale: unakula nini, unalala vipi, dawa zimebaki ngapi, na nyumbani unaishi na nani. Swali la mwisho ndilo linalotufundisha mengi. Wapo mabibi wanaojibu, "Naishi peke yangu, mwanangu," na huku mgongoni wamebeba mtoto, na wengine wawili wameshika khanga zao. Mwuguzi mgeni hudhani bibi amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa hata kidogo. Anasema kwamba nyumbani kwake hakuna mtu mzima wa kuzungumza naye jioni, wala wa kumwambia, "Bibi, leo pumzika, maji nitachota mimi."

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya wazee wetu wanaolea wajukuu. Tunajua tunagusa jambo ambalo familia nyingi hazipendi lisemwe hadharani, kwa sababu karibu kila nyumba ina mtoto aliyepelekwa kwa bibi. Lakini sisi tunaokaa na vipimo vya presha mkononi hatuwezi kunyamaza.

Huku kwetu Kagera jambo hili lina historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa katika mkoa wetu mwaka 1983. Miaka iliyofuata wazee waliwazika wana wao mmoja baada ya mwingine, kisha wakabaki na wajukuu. Mwanamke aliyetegemea kutunzwa uzeeni alishika tena jembe na kuanza upya kununua madaftari. Kizazi kile cha mabibi na mababu kiliokoa watoto wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na hakuna aliyewapa nishani.

Tangu mwaka 2004, dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure nchini, hali ilibadilika. Wazazi wanaishi, wanafanya kazi, wanazeeka. Hata hivyo nyumba za mabibi hazikupungua watoto. Ukiuliza leo, wazazi wa wengi wa watoto hao wako hai: yuko Mwanza, yuko Kahama, yuko Dar es Salaam anauza nguo, au ameolewa tena na mume mpya hataki mtoto wa kambo. Mtoto analetwa na basi akiwa na mfuko mmoja wa nguo, na ahadi kwamba fedha zitatumwa kwa simu. Mwezi wa kwanza zinatumwa. Mwezi wa tatu namba haipatikani. Na kwa kuwa mtoto huyu si yatima, bibi hawezi hata kumpeleka kwenye msaada wa yatima.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba wajukuu ni mzigo. Kinyume chake, tumeona mzee aliyekataa chakula baada ya kufiwa na mumewe akianza kula tena kwa sababu mjukuu alikataa kula bila yeye. Wataalamu pia wameliona hilo. Huko Berlin, Ujerumani, zaidi ya wazee 500 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walifuatiliwa kuanzia mwaka 1990 hadi 2009. Ilionekana kwamba wale waliokuwa wakisaidia kutunza wajukuu mara moja moja waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakuwa na mtu wa kumtunza. Mzee anayehitajiwa na mtu huamka asubuhi akiwa na sababu ya kuamka.

Angalieni lakini neno hilo, "mara moja moja". Wazee wale wa Berlin hawakuwa walezi wa kudumu. Mtoto aliletwa, akacheza na bibi, na jioni mama yake akaja kumchukua. Mwaka 2014 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo yanayofanana na hayo: mabibi waliokaa na wajukuu siku moja kwa wiki walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili na kumbukumbu, lakini waliokaa nao siku tano au zaidi walifanya vibaya katika jaribio mojawapo. Na mwaka 2003 ulitangazwa utafiti uliofanywa kwa wauguzi wenzetu wa Marekani, wanawake zaidi ya 54,000. Waliotunza wajukuu saa 9 au zaidi kwa wiki walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko wasiotunza. Saa 9 kwa wiki! Bibi wa kijijini kwetu huzimaliza kabla ya Jumatatu kwisha, na yeye hana bomba ndani ya nyumba wala jiko la gesi.

Sisi wauguzi tunaelewa jambo hili kwa njia rahisi. Dawa ile ile inayoponya, ukizidisha kipimo inadhuru. Wajukuu ni dawa ya uzee, na hatuna wasiwasi wowote juu ya hilo. Tunacholalamikia ni kumpa mzee chupa nzima kwa mara moja.

Je, madhara yenyewe tunayaonaje? Magoti na kiuno ndivyo vya kwanza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana uzito wa kilo kumi hivi, na bibi humbeba mgongoni akiwa ameinama kupalilia maharagwe. Tunampa dawa ya maumivu, lakini dawa hizo zikinywewa kila siku kwa miezi huharibu tumbo na figo, na baadhi hupandisha presha. Kwa hiyo tunaponya goti na kuumiza moyo. Kumbe dawa aliyohitaji ilikuwa mtu wa kumbebea mtoto.

Kisha kuna suala la chakula na fedha. Bibi akipata samaki, nyama yote huenda kwa watoto, yeye anabaki na mchuzi. Ana nauli ya kuja kliniki au ana fedha ya daftari, si vyote viwili, basi anachagua daftari. Anatumia vidonge vya presha siku anazoumwa kichwa tu, ili vidumu. Tumesema mara nyingi katika ukurasa huu, na tunasema tena: presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kila inapopimwa, huo ni ugonjwa hata kama kichwa hakiumi, na dawa yake ni ya kila siku. Wengi wa wanaoletwa wodini mdomo umepinda na mkono hauinuki ni watu waliokuwa na dawa nyumbani, wakizitunza kama akiba.

Hapa tuongeze onyo moja, kwa sababu linahusu uhai wa mtoto. Vidonge vya kisukari vya kushusha sukari, kama vile glibenklamidi, ni vidogo, na bibi wengi huvifunga katika pindo la khanga au huviweka chini ya mto. Mtoto mdogo akimeza kimoja tu anaweza kupoteza fahamu na kufa kwa kuishiwa sukari mwilini. Tena hatari haiji palepale. Inaweza kuchelewa saa nyingi, mtoto akaonekana anacheza vizuri, na usiku akaanza kutetemeka na kulegea. Ukishuku tu kwamba amemeza, mpe maji yenye sukari kama ana fahamu na anaweza kumeza, kisha mlete hospitali wakati huo huo. Usingoje asubuhi. Dawa zote za mzee zikae ndani ya kopo lenye mfuniko, juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Na kikohozi. Bibi anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, asiseme ni moshi wa jikoni au ni uzee. Analala kitanda kimoja na wajukuu, na mtoto wa chini ya miaka mitano huambukizwa upesi na kuugua vibaya. Kupima hakulipiwi, na dawa hazilipiwi.

Turudi kwenye upweke, kwa maana ndio usiopimwa na mashine yoyote. Mama anayelea mtoto akiwa na miaka 25 ana wenzake wenye watoto wa umri ule. Wanakutana kliniki, wanacheka, wanapeana habari. Bibi wa miaka 70 hana wenzake wa namna hiyo. Wenzake wa rika wamebaki nyumbani wamepumzika, au wamekufa. Anaacha kwenda jumuiya kwa kuwa mtoto analia sala inapoanza na watu wanageuka kumtazama. Anaacha WAWATA kwa kuwa hana michango. Mwishowe anaacha hata Misa ya Jumapili, na sisi tunasema Bibi fulani amezeeka siku hizi, haonekani. Hajazeeka. Amefungwa nyumbani na watoto wanne.

Upo upweke mwingine ambao wazazi hawaufikirii. Mtoto amelelewa na bibi miaka saba, wanalala pamoja, ndiye anayemsomea ujumbe wa simu na kumtungia uzi kwenye sindano. Siku moja mama anatokea mjini na kusema, "Nimekuja kumchukua, aanze shule ya Kiingereza." Saa mbili baadaye basi limeondoka. Wiki chache baada ya hapo tunampokea bibi huyo akilalamika moyo unakwenda mbio, halali, chakula hakipiti. Tunapima malaria, hakuna. Huo ni msiba kama misiba mingine, ila hauna matanga, hakuna anayekuja kuketi naye. Mtoto ana haki ya kukaa na wazazi wake, hilo hatubishani nalo. Lakini aondolewe kwa utaratibu: likizo kwanza, halafu muhula, na arudi kumwona bibi yake.

Wengine watatuambia kwamba bibi mwenyewe ndiye aliyeomba mtoto. Ni kweli, wapo. Desturi yetu ya kumpa bibi mjukuu wa kumtuma chumvi na kumwashia moto ni nzuri, na tunaitetea. Lakini tuhesabu. Mjukuu mmoja wa miaka kumi anayemsaidia bibi ni kitu kimoja; watoto watatu wa chini ya miaka sita ambao bibi ndiye anayewasaidia ni kitu kingine kabisa, wala kisiitwe desturi.

Katika Kitabu cha Ruthu tunasoma kwamba Naomi, aliyefiwa na mume na wana wawili, alimchukua mjukuu Obedi, akampakata kifuani na kuwa mlezi wake. Mahubiri mengi huishia hapo. Sisi tunapenda kuangalia ni nani wengine waliokuwapo. Mama wa mtoto, Ruthu, alikuwapo, na sifa yake ni kwamba hakumwacha mkwewe. Boazi mwenye shamba alikuwapo. Wanawake majirani walikuwapo, na ndio waliompa mtoto jina. Naomi alilea mtoto akiwa katikati ya watu, na ndiyo sababu mtoto yule alimrudishia uhai.

Basi majirani hao ndio tunaowatafuta katika jumuiya zetu. Hatuombi mambo makubwa. Wilayani Muleba, kule Nshamba, shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa walezi wa wajukuu. Taarifa iliyotolewa mwaka 2008 juu ya kazi hiyo iliitwa kwa jina la chumvi, sabuni na viatu vya shule. Ukisikia maneno hayo unajua mara moja kwamba yanatoka katika nyumba ya bibi. Jumuiya haiwezi kutoa pensheni. Lakini inaweza kuwa na zamu: Jumamosi moja mama mmoja anachukua wale watoto, bibi analala mchana kutwa au anakwenda kumwona dada yake. Vijana wa VIWAWA wanaweza kumchotea maji. Na mtoto akilia wakati wa sala, mmoja wetu amchukue nje, bibi aendelee kusali.

Mapadre wetu nao tunawaomba neno. Baba Mtakatifu Fransisko aliweka mwaka 2021 Siku ya Mababu na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Siku hiyo wazee husifiwa sana. Tungependa iwe pia siku ya kuwahubiria wazazi walioacha watoto.

Nanyi bibi na babu (maana mababu walezi wapo, na huona aibu zaidi kuomba msaada), kumwambia mwanao "huyu wa nne siwezi" si dhambi. Mkija kupimisha mtoto uzito, mtuambie tuwapime presha siku hiyo hiyo. Haichukui dakika tano.

Kwa ninyi mlio mjini, Desemba inakuja na mtarudi nyumbani na mchele na vitenge. Tunashukuru kwa hivyo vyote. Mkishakaa, mwombe mama awaonyeshe kadi yake ya kliniki. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa pale, kisha hesabu ni miezi mingapi imepita, na katika miezi hiyo mtoto wako alikuwa wapi.