Mahali pa Tiba ya Usemi ni Darasani

Katika madarasa mengi ya elimu ya awali yumo mtoto ambaye usemi wake haueleweki kama wa wenzake. Mmoja husema "tuku" akikusudia kuku, na "tamba" akikusudia kamba. Mwingine hushikwa na kigugumizi kila aitwapo kujibu. Wa tatu hukaa kimya, si kwa utundu wala kwa haya, bali kwa kuwa maneno aliyo nayo ni machache mno. Aghalabu watoto hawa wote hupewa sifa moja, kwamba ni wazito wa kuelewa; kisha huketishwa nyuma, wakangojea Darasa la Kwanza bila ya kutamka neno. Katika makala haya tunakusudia kutoa hoja moja: kwamba msaada wa usemi kwa watoto wa umri huu mahali pake hasa ni ndani ya darasa lao, katikati ya wenzao, na kwamba mwalimu wa darasa ndiye ashikaye usukani wake.

Jambo hili si dogo. Mtoto anayeanza kusoma kwa Kiswahili hufundishwa kuunganisha sauti na herufi, kisha herufi na silabi. Ikiwa sikio lake halijatenga sauti ya k na ile ya t, silabi ka na ta kwake ni kitu kimoja, na maandishi ya ubaoni yatamtatiza. Hivyo shida iliyoanzia katika matamshi yaweza kuhamia katika kusoma na kuandika, na mtoto akahesabiwa kuwa ameshindwa masomo hali hakupata kusaidiwa kusema.

Kabla ya kusaidia, hatuna budi kupambanua. Si kila tamko lisilo sanifu ni kasoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu watoto wadogo wa Dar es Salaam ulionyesha kwamba usahihi wa matamshi huongezeka kadiri umri unavyosonga kutoka miaka 3 kuelekea 6. Kwa hiyo mengine hujirekebisha yenyewe. Vilevile mtoto aliyekulia Usukumani akisema "balabala" mahali pa barabara, si mgonjwa. Lugha ya nyumbani kwao haina sauti ya r, naye amesema kama walivyosema waliomlea. Hata sauti ya dh huwashinda watu wazima wengi, wanaosema "zahabu" bila ya kuonekana kuwa na ila yoyote. Mwalimu atakayechanganya lafudhi na kasoro atawatia doa watoto wazima, na wale wenye shida ya kweli atawasahau. Kipimo kilicho rahisi ni kuuliza: je, watu wa nyumbani kwao humwelewa? Je, wenzake wa rika lake na wa lugha yake husema kama yeye?

Wako wanaoona kwamba kazi hii ni ya mtaalamu, na kwamba mtoto yafaa atolewe darasani na kupelekwa katika chumba cha faragha. Hoja yao ina uzito. Chumbani mna utulivu, hapana wa kumcheka, na mtaalamu humsikiliza yeye peke yake. Lakini sauti iliyofunzwa mbele ya kioo mara nyingi hubaki palepale kwenye kioo. Mtoto hutamka vema mbele ya mtaalamu, kisha akirudi mchezoni husema kama zamani. Tena, kila atolewapo hukosa somo, na wenzake humwona kuwa si mwenzao. Zaidi ya hayo, wataalamu wenyewe ni haba. Shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, mwaka 2008. Hivyo katika eneo letu fani hii bado ni changa. Tukisema kila mtoto amngoje mtaalamu, wengi watangoja hadi umri wa kusaidiwa kwa wepesi uwapite. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Sasa mwalimu afanye nini? Kwanza, asahihishe bila ya kuaibisha. Mtoto akisema, "Mwalimu, tuku ametula mahindi," mwalimu ajibu, "Kumbe! Kuku amekula mahindi yetu?" Mtoto amejibiwa habari yake, na papo hapo amesikia tamko lililo sahihi. Hakulazimishwa kurudia, wala hakuambiwa kuwa amekosea mbele ya darasa.

Pili, atumie michezo ambayo ndani yake sauti hubeba maana. Achore picha mbili, moja ya kaa la moto na nyingine ya taa. Watoto wawili waketi wakielekeana, mmoja aagize na mwenzake atoe picha. Anayetaka kaa akatamka taa, atapewa taa. Hapana aliyemkaripia, maana yenyewe imemjulisha kwamba sauti moja hugeuza neno zima.

Tatu, mwalimu ajifunze kungoja. Aulizapo swali, ahesabu moyoni hadi tano kabla ya kusema tena. Mwenye maneno machache huhitaji muda wa kuyatafuta, na mwenye kigugumizi huhitaji muda wa kuyatoa. Haifai kummalizia sentensi, wala kumwambia avute pumzi au aseme polepole. Maneno hayo humzidishia wasiwasi. Amtazame kwa utulivu, na asikilize lisemwalo kuliko jinsi linavyosemwa.

Nne, turudie hazina yetu wenyewe. Msimulizi asemapo "Paukwa!" darasa zima huitika "Pakawa!" Mtoto mwenye sauti hafifu husema pamoja na wengine bila ya kuonekana. Nayo yajulikana kwamba wenye kigugumizi walio wengi hutamka kwa wepesi wanaposema kwa pamoja na wenzao. Ngano, vitendawili na nyimbo za mchezo ni dawa iliyomo nyumbani mwetu. Vitanza ndimi peke yake tuviache visitumiwe kumpima mtoto wa namna hii hadharani.

Tutaulizwa: haya yawezekanaje katika darasa kubwa? Uwiano uliowekwa hapa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na sote twajua kwamba madarasa mengi huzidi idadi hiyo kwa mbali. Jibu letu ni kwamba kujibu kwa tamko sahihi hakuongezi hata dakika moja ya kipindi, na kiitikio hakichoshwi na wingi wa watoto. Mchezo wa picha hufanyika katika kona za kujifunzia, wakati makundi mengine yana shughuli zao. Anayeshindwa kabisa ni mwalimu aliyezoea kusema peke yake kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho.

Hata hivyo, mwalimu si tabibu. Mtoto asiyegeuka aitwapo kutoka nyuma, anayetoka usaha masikioni, mwenye kaakaa lililopasuka, au aliyeanza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe hospitali bila ya kukawia. Huko si kushindwa kwa darasa. Ni kujua mpaka wake.

Tamko la Salamanca la mwaka 1994 lilizitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Lakini kumpokea mtoto si kumpa dawati tu. Ni kumpa pia nafasi ya kusema na kusikilizwa. Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, kila mwanachuo wa elimu ya awali aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha amchague mtoto mmoja, aandike daftarini kwa majuma mawili yale asemayo mchezoni, kisha aeleze alivyomsaidia. Nasi wakufunzi tulikague daftari hilo kama tukaguavyo andalio la somo. La pili, pale ambapo mtaalamu hupatikana hata mara moja kwa muhula, aombwe aketi darasani asubuhi nzima pamoja na mwalimu, badala ya kumwita mtoto ofisini. Akiondoka, ujuzi wake utakuwa umebaki kwa mtu ambaye huwa na watoto hao kila siku.