Amana ya Mpangaji Irudishwe

Ndugu zangu wapangaji wa Migori na Homa Bay, nanyi wenye nyumba wa huko, leo nina neno juu ya dipoziti, ile amana ya kupanga nyumba. Kuitoa ni kazi ya dakika moja ya M-Pesa. Kuirudisha mfukoni kumewatoa watu jasho, na wengi wamekata tamaa wakaiacha.

Nilipohama chumba changu mjini Migori baada ya miaka mitatu, notisi nilikuwa nimetoa mwezi mzima kabla, na sakafu nimeipiga deki. Mwenye nyumba akaingia, akapitisha kidole ukutani nyuma ya mlango, pale nilipozoea kutundika koti, akanionyesha alama ya kijivu pana kama kiganja. "Hii ni kupaka rangi chumba kizima," akasema. Shilingi elfu sita zangu zikaishia hapo. Nilinyamaza kwa kuwa pikapu ya kubeba vyombo ilikuwa nje na dereva anapiga honi. Kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Amana ni mali ya mtu iliyo mkononi mwa mwingine. Aliyepewa kuitunza hana ruhusa ya kuila. Sikatai kwamba kioo kilichovunjwa kilipiwe, au kodi iliyobaki ikatwe. Wapo wapangaji wanaohama usiku na kuacha deni la stima, na hao wanatuharibia jina sote. Lakini ukuta uliofifia kwa kukaliwa miaka mitatu umezeeka tu, na uzee huo mpangaji ameshaulipia kila mwezi katika kodi. Mwenye nyumba anayekata pesa na aonyeshe kilichoharibika, na risiti ya fundi.

Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inawalinda wapangaji wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani, na nyumba nyingi za mijini zimekwisha kukipita. Kwa hiyo mwalimu aliyepanga Homa Bay, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, mara nyingi ngao yake ni makubaliano aliyofanya na mwenye nyumba. Na hapo ndipo tunapojiponza: tunatuma pesa, tunapokea ufunguo, karatasi hatuandiki.

Usikubali pia ule ushauri wa mtaani wa kuacha kulipa mwezi wa mwisho ili "ukalie dipoziti". Unampa mwenye nyumba kisingizio, nawe unageuka mdaiwa. Lipa, hama, kisha dai kwa barua yenye tarehe na kiasi, ukibaki na nakala. Chifu au mzee wa mtaa anaweza kuwapatanisha. Ikishindikana, nenda masijala ya mahakama iliyo karibu nawe, uulize namna ya kufikisha dai lako mbele ya Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hailazimishi mtu kuwa na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ujumbe wako wa M-Pesa ni ushahidi, basi usiufute.

Mimi nilijifunza. Nilipopanga Homa Bay, kabla ya kupokea ufunguo nilimwomba mama mwenye nyumba tuzunguke pamoja na daftari. Tukaandika: bomba la jikoni linavuja, luva mbili zimepasuka, kitasa cha chumbani kibovu. Tukatia sahihi sote wawili, nikapiga picha. Siku ya kuhama tulilifungua daftari lile juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukasoma mstari kwa mstari. Alikata shilingi mia tatu za kufuli nililolivunja mwenyewe, kisha akatoa simu yake akanitumia zilizobaki, pikapu ikiwa bado inapakiwa.