Je, Tarumbeta ni Mila ya Nani?

Wako watu katika nchi yetu, na baadhi yao ni wenye elimu, ambao kila waisikiapo bendi ya tarumbeta ikipita njiani hukunja nyuso na kusema kwamba huko ni kuiga. Husema kwamba kijana wa Bungoma aliyeshika tarumbeta amelitupa litungu la babu zake, na kwamba mwenzake wa Kitale avaaye sare yenye vifungo ving'aavyo ni kivuli cha askari wa kikoloni. Kisha hukata shauri kwa methali: mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini methali ya kweli ikitumiwa mahali pasipo pake hufanya kazi ya uongo, na katika jambo hili imetumiwa mahali pasipo pake.

Kwanza na tuulize: tarumbeta ni mila ya nani? Tukijibiwa kuwa ni ya Wazungu, tuulize tena: ya Wazungu gani? Zamani huko Ulaya tarumbeta ilikuwa chombo cha wafalme na majeshi. Haikuweza kutoa sauti zote za ngazi ya muziki, na fundi wake alihitaji mafunzo marefu. Mwaka 1818 mafundi wawili, Stölzel na Blühmel, walisajili huko Prussia uvumbuzi wa vali. Vali ni mlango mdogo ubonyezwao kwa kidole. Ikibonyezwa, pumzi hupitia kipande cha ziada cha bomba, urefu wa bomba huongezeka, na sauti hushuka. Kwa vali 3 na vidole 3 vya mkono mmoja, mpulizaji aweza kuzipata sauti zote azihitajizo.

Hapo ndipo chombo cha wafalme kilipofika mikononi mwa watu wenye vidole vigumu. Huko Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliunda bendi zao. Penginepo wenye mali walichangia, na penginepo wafanyakazi walitoa peni katika ujira wao wenyewe. Tangu mwaka 1853 bendi hizo zilishindana Belle Vue, mjini Manchester, mbele ya maelfu ya watu. Mwaka 1917 wachimbaji wa Grimethorpe, katika Yorkshire, waliunda bendi iliyopata sifa kubwa. Oktoba 1992, mwezi ule ule ulipotangazwa mpango wa kuufunga mgodi wao pamoja na mingine mingi, wanabendi hao walikwenda London na kushinda mashindano ya taifa. Mwaka uliofuata mgodi ulifungwa. Mgodi ulikufa, bendi ikabaki.

Basi asemaye kwamba tarumbeta ni mila ya bwana mkubwa hajui historia ya bwana mkubwa wala ya mtumishi wake. Kwa muda mrefu bendi ya tarumbeta imekuwa muziki wa watu watokao chini ya ardhi wakiwa na vumbi usoni, ambao Jumapili hutaka kujitambua kuwa ni watu.

Pili, na tutazame mambo yalivyokuwa kwetu. Katika miaka ya 1890 vijana wa pwani ya Kenya walianzisha ngoma mpya iliyoitwa beni, jina litokanalo na neno la Kiingereza la bendi. Walizitazama bendi za kijeshi, wakachukua gwaride, sare na vyeo, lakini hawakuchukua utii. Walivitia vitu hivyo ndani ya desturi ya Waswahili iliyokuwapo kabla ya Mwingereza kufika: mashindano ya mitaa, ambapo upande mmoja huushinda mwingine kwa mavazi, kwa karamu na kwa mashairi ya kukejeli. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi. Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti. Wanachama walichaguana kuwa wafalme na majenerali, wakatoa michango, wakatazamana katika ugonjwa, wakazikana. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, aliifuata njia ya ngoma hii kutoka pwani mpaka katikati ya Afrika. Vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 ndivyo vilivyoieneza, kwa maana askari na wapagazi waliichukua kila walikokwenda.

Tatu, na hapa ndipo wasemao kuwa ni kuiga tu washindwapo kabisa, beni iliingia migodini. Katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo sasa Zambia, iliitwa Mbeni, na wachimbaji wa shaba waliicheza katika kambi za Mufulira, Nkana na Luanshya. Watu hao walitoka makabila mengi, walilala katika nyumba za kampuni, na hawakuwa na chama cha wafanyakazi kilichokubaliwa. Walikuwa na Mbeni. Mei 1935 ilitangazwa kuwa kodi ya wafanyakazi wa migodi hiyo imepandishwa kutoka shilingi 12 na peni 6 mpaka shilingi 15. Mgomo ulianza Mufulira, ukaenda Nkana, kisha ukafika Luanshya. Huko, tarehe 29 Mei, polisi walifyatua risasi na wachimbaji 6 wakauawa. Serikali iliunda tume ya kuchunguza, na miongoni mwa mambo yaliyosemwa mbele yake ni habari za chama cha Mbeni, kwa kuwa mtandao wa wacheza ngoma ulijua kupeleka ujumbe toka kambi hata kambi.

Fikirini jambo hilo, vijana. Ikiwa Mbeni ilikuwa mchezo wa kasuku, mbona wakubwa waliihofu? Hakuna aitiaye tume kwa ajili ya kasuku. Waliihofu kwa sababu walitambua kwamba watu waliojifunza kutembea hatua moja, kutii kiongozi waliyemchagua wenyewe na kutunza fedha za pamoja, wamejifunza tayari nusu ya kazi ya kujitawala. Tena tarumbeta hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Mchimbaji alipewa ujira mdogo kwa shaba, nayo ikapelekwa ng'ambo. Ilipomrudia ikiwa tarumbeta, nani awezaye kumwambia kwamba ameshika kitu kisicho chake?

Sitaki kuficha aibu za beni. Mashindano yake yaliwaingiza watu katika madeni kwa ajili ya karamu ya siku moja. Ugomvi wa pande mbili uliweza kuwatenga ndugu. Vyeo vyake viliwavimbisha vichwa baadhi ya waliokuwa navyo. Lakini hizo ni aibu za wanadamu wanaojijengea chama, si za watumwa wanaomwiga bwana. Anayetaka kuikataa beni kwa sababu hizo, na azikatae pia harusi zetu, kwa maana zina madeni, ugomvi na majivuno kama hayo.

Sasa na tuje nyumbani. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana Kakamega. Walowezi wengi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu, walioharibiwa na nzige na kuanguka kwa bei ya mahindi, waliacha mashamba wakakimbilia huko. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine na baraza lao litaulizwa. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa, na ahadi hiyo ikaondolewa ili dhahabu ichimbwe. Waafrika wa magharibi walishuka mashimoni kama vibarua katika ardhi yao wenyewe. Mgodi mkubwa wa Rosterman uliendelea mpaka mwaka 1952. Leo mashimo yapo, jina lipo, lakini mwanafunzi akiulizwa habari za mgodi, mara nyingi hutaja kampuni na kiasi cha dhahabu, asiweze kutaja jambo moja juu ya waliochimba: waliimba nini, walizikana vipi, walicheka nini jioni.

Katika miaka hiyo hiyo tarumbeta zilikuwa zikiingia magharibi kwa njia nyingine. Jeshi la Wokovu lilianza kazi rasmi katika Kenya mwaka 1921, nalo likapata wafuasi wengi katika nchi ya Waluhya. Tangu mwaka 2008 sehemu yake ya magharibi ina makao makuu Kakamega. Katika Bungoma na Kitale bendi zake huongoza maandamano, na hata mtu asiye wa dini hiyo huzitambua kwa ngoma yake kubwa. Matarumbeta yameingia katika arusi na mazishi yetu. Wapulizaji wake wengi ni wakulima, waashi na vibarua, watu wa namna ile ile ya Grimethorpe na Luanshya.

Lakini twawatendeaje? Twawaita asubuhi, wanatembea jua kali mbele ya jeneza letu, jioni twawapa soda na asante. Fundi wa vipaza sauti hulipwa kabla hajafungua sanduku lake, naye mpulizaji aliyejifunza miaka 10 huambiwa angoje mchango ukusanywe. Kisha mtu mwenye elimu husimama pembeni akisema kwamba hao wameacha mila. Mila gani? Kuwazika watu kwa heshima ni mila. Kuchanga fedha ili mwenzako asizikwe peke yake ni mila. Hata chinyimba, kengele za chuma anazozigonga kijana wa Kibukusu aendapo kuwaalika jamaa kwa tohara, zilikuwa kitu kipya siku ya kwanza zilipofuliwa. Litungu halifi kwa sababu tarumbeta imelia. Hufa kwa sababu hakuna mtoto aliyeketi karibu na mzee kujifunza, na tarumbeta nayo itakufa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo nawapa kazi ninyi mnaosoma maneno haya. Katika kijiji chenu yupo mzee aliyepuliza tarumbeta au aliyepiga ngoma ya bendi. Mwendeeni na daftari. Mwulizeni nani alinunua vyombo, kwa fedha gani, nani alifundisha, kwa nini bendi iligawanyika, na nani alizikwa kwa michango yake. Andikeni majibu kama alivyoyasema, msiyapambe. Na siku mtakapoita bendi nyumbani kwenu, walipeni wapulizaji kabla ya fundi wa vipaza sauti. Mtu asiyelipa deni lake kwa mwenye tarumbeta hana haki ya kumfundisha mila.