Kamusi Haijui Nani Anasema na Nani

Wapo wenzetu, ndugu msomaji, wanaodhani kutafsiri ni kung'oa neno huku na kulipachika kule. Wanajidanganya! Hebu wajaribu kupeleka Kiingereza kwenye Kiswidi waone watakavyoumbuka.

Mwingereza ana "please" moja, anazunguka nayo kila mahali. Mswidi hana neno moja linalotosha pote. Akiagiza kahawa husema "en kaffe, tack", na hilo "tack" ndilo lile lile la asante. Mtoto anayembembeleza mama yake, huyo ndiye wa "snälla". Sasa wewe mtie mteja wa mkahawani hilo "snälla" mdomoni: mtu mzima kwa kahawa yake ya kulipia, kageuka mlilia peremende!

Au chukua "at the end of the day". Sisi tumelibeba zima zima, "mwisho wa siku", na mhusika anafikia mwisho wa siku hata chai ya asubuhi hajanywa. Wapo Waswidi walioteleza vivyo hivyo, ilhali wana lao la asili, "när allt kommer omkring", yaani yote yakishazunguka. Kwani sisi hatuna "hatimaye"?

Tunaotaka kuandika riwaya tusijifanye hayatuhusu. Neno likikosea umri na mahali, mhusika amekufa, na msomaji atafunga kitabu. Kabla ya kufungua kamusi, uliza: nani anasema, na nani, wapi? Mvivu wa kuuliza na aweke kalamu chini.