Usitupe tembe zako

Jioni pale Mama Ngina, Mombasa, chini ya mibuyu, mihogo ikikaangwa na meli ikiingia Kilindini, utasikia kijana anayetibiwa sonona akinasihiwa na rafiki: "Achana na tembe hizo, zitakumaliza nguvu." Nasaha hii hutolewa kwa mapenzi, ndiyo maana hupokelewa haraka. Nayo yaweza kuua.

Ukweli kidogo umo ndani yake, na daktari anayeuficha anakosea. Dawa kama fluoxetine, sertraline na paroxetine huzidisha kazi ya serotonini ubongoni, na serotonini hiyo hiyo hupoza ashiki na kuchelewesha kilele, au kukizuia kabisa. Wanawake nao hupatwa. Lakini mke wa Mji wa Kale atamwambia nani? Akimwambia mumewe, huenda akashukiwa kuwa moyo wake uko kwingine.

Hata hivyo, sonona yenyewe huiua hamu kabla ya tembe ya kwanza kumezwa. Na athari za dawa zina matibabu: daktari hupunguza kipimo, au humhamishia mgonjwa kwenye bupropion au mirtazapine, ambazo kwa kawaida haziisumbui sana ashiki, au huongeza sildenafil kwa asiyetumia dawa za moyo za naitreti. Wako ambao tatizo hubaki hata baada ya kuacha dawa. Mwaka 2019 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitaka onyo kuhusu hilo liandikwe kwenye maelezo ya dawa. Kwa hiyo mazungumzo yaanze mapema.

Anayenyamaza huacha tembe ghafla. Siku chache tu, kizunguzungu, usingizi hauji, hasira ziko puani, kisha sonona inarudi. Hapo ndipo anapopiga nambari iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima: nguvu za kiume, mpenzi aliyepotea, vyote kwa mganga mmoja. Au kila usiku supu ya pweza, kutafuta nguvu hizo hizo. Supu hiyo naipenda, lakini sonona haiitibu.

Lawama yangu kubwa naipeleka chumba cha daktari. Foleni ndefu, mlango wazi, watu wanaingia na kutoka: nani atataja mambo ya kitandani? Daktari ndiye aulize, kabla hajaandika dawa, na tena baada ya wiki chache, mlango ukiwa umefungwa: "Na chumbani, mambo yakoje?" Kisha atulie, asubiri jibu.