Padri asipofika: mukatekista wa Masisi na Walikale ana ruhusa gani?

Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, misa si jambo la kila siku ya Yenga. Parokia moja inabeba makanisa mengi ya vijijini, barabara ni matope, na njiani kuna vizuizi vya watu wenye silaha. Siku padri hawezi kufika, anayekusanya watu, anayesoma Injili na anayezika wafu ni mulei: mukatekista ao mukubwa wa shirika.

Kazi hiyo haikuanza na vita. Tangu 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kujenga Kanisa juu ya mashirika, ni kusema jumuiya ndogo za majirani wanaosali pamoja. Mwaka 1975, kule Kinshasa, Kardinali Malula alienda mbali zaidi: aliweka walei, wanaoitwa bakambi, kuongoza parokia nzima, padri akiwa karibu kwa ajili ya sakramenti. Lakini Kinshasa ulikuwa mpango. Huku Kivu ya Kaskazini, mara nyingi ni hali inayolazimisha.

Na hali yenyewe ni nzito. Tarehe 8 mwezi wa 4, 2018, Padri Etienne Sengiyumva, paroko wa Kitchanga, aliuawa kwa risasi pale Kyahemba, siku aliyotoka kusoma misa. Mwaka 2025 AFC/M23 waliingia Masisi-kati mwezi wa kwanza, kisha Walikale-kati mwezi wa tatu, mbele ya kuondoka Walikale-kati mwanzoni mwa mwezi wa nne. Kila mara watu wanakimbia, wanarudi, wanakimbia tena. Padri anaweza kubaki upande mmoja wa mustari wa vita, wakristu wake upande mwingine.

Basi mulei anaruhusiwa kufanya nini? Sheria ya Kanisa iko wazi kuliko wengi wanavyofikiri. Kanuni ya 1248 inashauri kwamba, padri akikosekana, wakristu wakusanyike kwa Liturujia ya Neno. Maelekezo ya Roma ya 1988 yanaonyesha ginsi ya kuifanya: masomo, sala za waamini, Baba Yetu, hata komunyo kama kuna hostia zilizogeuzwa kwenye misa ya mbele na kiongozi amepewa ruhusa ya kugawa. Mahubiri yaliyotayarishwa na paroko, mulei anaweza kuyasoma mbele ya watu. Lakini haketi kwenye kiti cha padri, hasemi sala ya Ekaristi, na habariki watu kama padri anavyobariki.

Ubatizo uko tofauti. Kwa kanuni ya 861, mukatekista aliyetumwa na askofu anaweza kubatiza kama padri ao shemasi hayupo. Na kwa lazima, kwa mfano mutoto anakufa, mutu yeyote mwenye nia ya kufanya kile Kanisa linachofanya anaweza kumwaga maji na kusema maneno ya ubatizo. Hata ndoa: kanuni ya 1116 inakubali kwamba, kama ni vigumu sana kumpata padri na inaonekana hali hiyo itadumu mwezi mzima, wachumba wanaweza kupeana ahadi mbele ya mashahidi wawili. Mambo mawili hayana njia nyingine. Kitubio na mupako wa wagonjwa ni vya padri peke yake. Ndiyo maana mugonjwa wa kijiji cha mbali anaweza kufa akisindikizwa na sala za mukatekista, bila mafuta.

Kuna jambo lingine linalosahauliwa kwa urahisi: daftari. Kanuni ya 878 inadai kila aliyebatiza ampashe paroko habari, ili jina liandikwe. Katika vijiji ambako watoto wengi hawaandikishwi kwa serikali, karatasi ya ubatizo inaweza kuwa maandishi ya kwanza yanayosema mutoto ni nani, wazazi wake ni nani, alizaliwa lini. Daftari la mukatekista likiungua pamoja na nyumba, jina ambalo halijafika parokia linabaki katika vichwa vya mashahidi tu. Kutuma majina parokiani mapema, na kuweka nakala ya pili kwa mutu mwingine wa shirika, ni kazi ya kalamu tu, lakini inaokoa mengi.

Je, Kanisa linawatambua watu hawa? Kwenye karatasi, ndiyo. Mwezi wa kwanza 2021 Papa Fransisko alifungua huduma za usomaji na uakoliti kwa wanawake pia, na mwezi wa tano mwaka uleule akaweka huduma ya mukatekista. Hii inawahusu wamama wanaoongoza sala za shirika bila cheo chochote. Kanuni ya 231 inasema pia kwamba mulei anayejitoa kwa kazi maalumu ya Kanisa ana haki ya kupata kinachomfaa kuishi yeye na jamaa yake.

Hapo ndipo ugumu. Mukatekista anaishi kwa shamba lake, sawa na jirani zake, na vita vikimfukuza shambani, vimemkata pia kwenye utumishi. Parokia yenye wakristu waliotawanyika haina sadaka ya kumsaidia. Tena, anayekusanya watu kila Yenga anaonekana na kila kundi lenye silaha, na kila kundi linaweza kumuuliza yeye ni wa upande gani.

Ruhusa, basi, si ndiyo inayokosekana. Kinachokosekana ni barua ya utume yenye sahihi, mafunzo mbele njia hazijafungwa, daftari lenye nakala, na mufuko wa parokia unaokumbuka kwamba anayeongoza sala naye anakula. Mambo hayo hayangojei amani ifike ndipo yatayarishwe.