La Kuvunda Halina Ubani

Fedha ya umma ni amana. Serikali ikiitumia, yapasa ijibu. Na shirika lisilo la kiserikali likiipokea, nalo yapasa lijibu, hata kama kazi yake ni kuwatetea wanyonge. Sisi tunaodai mageuzi hatuwezi kuitaka Ikulu ifungue vitabu vyake vya hesabu ilhali vyetu tumevifungia kabatini.

Na tuzingatie yaliyolipata shirika la ACORN nchini Marekani. Liliasisiwa mwaka 1970 katika jimbo la Arkansas, likawapigania maskini katika mambo ya makazi na mishahara, na kuwasajili wapiga kura. Sehemu ya fedha zake ilitoka serikalini. Mnamo Septemba 2009 zilitangazwa kanda za video zilizochukuliwa kwa siri, zikiwaonyesha wafanyakazi wake wakiwashauri watu wawili waliojifanya kahaba na mwenziwe. Shirika likawafuta kazi baadhi ya wahusika na kumwita Scott Harshbarger, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Massachusetts, alichunguze.

Bunge halikungoja. Seneti kwa kura 83 dhidi ya 7, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 345 dhidi ya 75, yaliamua kulikatia fedha. Desemba mwaka huo Harshbarger alieleza kwamba hakuona mtindo wa kuvunja sheria kwa makusudi, ingawa alilaumu uongozi. Aprili 2010, Mwanasheria Mkuu wa California, Jerry Brown, alisema kanda zile zilikuwa zimekatwakatwa na kupotosha; mwenendo wa wafanyakazi haukufaa, lakini haukuwa jinai. Afueni hiyo ilikuja mgonjwa akiwa mahututi. Novemba 2010 ACORN ilijitangaza kuwa imefilisika.

Nani alaumiwe? Kwanza, wanasiasa. Bunge si mahakama, na mtu hahukumiwi kabla ya kusikizwa. Lakini ACORN nayo ilikuwa imejichimbia shimo. Ndugu wa mwasisi wake alifuja karibu dola milioni moja mwaka 1999 na 2000. Viongozi wachache waliojua waliuandika wizi huo vitabuni kuwa ni mkopo, wakauficha hadi mwaka 2008, hata kwa wanahalmashauri wenzao wengi. Walipokuja kujitetea mwaka 2009, ni nani angewaamini kwa moyo mkunjufu? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wakenya hatuko mbali na kisa hiki. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, halmashauri ya serikali iliyokuwa ikisimamia mashirika haya ilitangaza kulifutia usajili shirika la kutetea haki za binadamu la KHRC, na ikataka AfriCOG lifungwe, kwa madai ya kodi, akaunti na usajili. Fred Matiang'i, aliyekaimu uwaziri wa Mambo ya Ndani, aliisimamisha hatua hiyo kwa siku 90. Tunauliza: haki ya raia itategemea hisani ya waziri hadi lini? Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ilitiwa sahihi Januari 2013, lakini ilianza kutumika Mei 2024 tu. Miaka 11 ilipotea bure.

Kwa hivyo twadai mambo mawili. Serikali itoe mashtaka yake kwa maandishi, impe mshtakiwa muda wa kujibu, na iache uamuzi kwa chombo kisichofuata amri ya mkubwa. Nayo mashirika yatangaze hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, kwa lugha wanayoifahamu wanachama, na yakishutumiwa yajibu kwa stakabadhi. Kulia "siasa! siasa!" si utetezi.

Adui wa mageuzi hatafuti kosa kubwa. Lile dogo lililofichwa humtosha. Tusimpe.